Kutoka Tengeru hadi Mlimani

Anayetoka Arusha mjini kwenda Moshi hufika Tengeru upesi. Huko, katikati ya migomba na kahawa ya Wameru, vimekusanyika vyuo vingi kuliko ilivyo kawaida kwa mji mdogo: Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, chuo cha mifugo, kituo cha utafiti wa mboga na matunda, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na mbele kidogo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha nne hushuka kwenye daladala wakiwa na bahasha za vyeti, tayari kuanza astashahada. Wengi wana swali wasilolitoa siku ya kwanza: je, njia hii inafika Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au inaishia hapa hapa?

Kwa anayetaka kusomea anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi, wanavyooana, wanavyogawana ardhi na wanavyopatana baada ya kugombana, swali hilo lina historia ndefu kwenye miteremko ya Meru. Elimu hiyo ilifika hapa kabla Afrika Mashariki haijawa na chuo kikuu hata kimoja. Ilikuja pamoja na bunduki, ikaendelea katika mafaili ya serikali, ikapita mikononi mwa wanakijiji waliokuwa wakitetea mashamba yao, na baada ya hayo yote ndipo ikaingia darasani. Kijana anayeanzia chuoni Tengeru, akaenda vijijini kwanza na chuo kikuu baadaye, anapita njia ambayo elimu yenyewe iliipita.

Mwanzo wake ni mchungu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru pale Akeri. Wajerumani walijibu kwa misafara ya kijeshi: nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, viongozi 19 walinyongwa hadharani. Anayekumbukwa zaidi ni Mangi Meli wa Moshi, lakini pamoja naye walikufa Mangi Lobulu wa Meru na Marai wa Waarusha. Kipindi hichohicho Boma la Arusha lilijengwa kwa nguvu kazi ya kulazimishwa ya wenyeji. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na wanafunzi huingia humo kujifunza asili ya binadamu.

Huko Berlin wakati huo, daktari na mtaalamu wa anthropolojia Felix von Luschan alikuwa akikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni. Maofisa wa kijeshi na madaktari waliombwa wayatume, nao waliyatuma kwa maelfu, mengine yakiwa yamefukuliwa makaburini na mengine yametoka kwa watu walionyongwa. Ilidhaniwa kwamba kwa kupima mifupa mtu angeweza kuyapanga mataifa ya binadamu kwa daraja. Luschan alipofariki mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi uliuzwa kwa jumba la makumbusho la historia ya asili la New York. Sehemu nyingine ilibaki Berlin, na mwaka 2017 taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilianza kuchunguza zaidi ya mafuvu 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki. Septemba 2023 ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na jamaa walio hai Kilimanjaro. Mwaka uliotangulia, maonesho yaliyoitwa Marejesho yalizungushwa katika vijiji vya Kilimanjaro na Meru, watu wakaona kwa macho yao orodha na picha za vitu na mifupa iliyochukuliwa kwao.

Mwanafunzi wa Tengeru anapaswa kulijua hili mapema, hata kabla ya kujua majina ya wataalamu maarufu. Bibi wa kijiji cha Poli au Nkoaranga anapomwona kijana na daftari akimuuliza habari za ukoo, akasita, kusita huko kuna sababu. Kwenye mlima huu, udadisi wa wageni uliwahi kuishia kwenye sanduku lililosafirishwa kwa meli.

Baada ya mafuvu vikaja vitabu. Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa na kituo Moshi, alichapisha mwaka 1904 kitabu kikubwa juu ya Wamaasai, akishikilia kwamba asili yao inaungana na ya Waebrania wa kale. Madai hayo yameshatupwa, lakini maelezo yake ya marika, mifugo na sherehe bado yanasomwa. Upande wa Uchagga, mmisionari Bruno Gutmann alikusanya sheria na mafundisho ya jando kwa miongo, na mwaka 1926 akatoa kitabu juu ya sheria za Wachagga. Hakuna kati yao aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mmoja alikuwa mwanajeshi, mwingine mchungaji, na wote wawili walijifunza kwa kukaa muda mrefu karibu na watu.

Waingereza walipoishika Tanganyika walitaka kutawala kupitia machifu, na kwa hiyo walihitaji kujua nani ni chifu wa nani. Kwa Wameru jambo hilo lilionekana jepesi kwa sababu walikuwa na mangi na washili wa koo. Waarusha waliwatatiza. Wanasema Kimaa, wanalima migomba mlimani, na uongozi wao ulikuwa wa marika na wasemaji, laigwanani, bila mtawala mmoja wa kurithi kiti. Serikali iliwawekea machifu hata hivyo, na machifu hao hawakuacha kuwa na matatizo.

Ndipo wakaja watu walioitwa wanasosholojia wa serikali. Hans Cory, Mwaustria aliyezunguka Tanganyika nzima akiandika mila na sheria, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1940 juu ya muundo wa jamii ya Waarusha. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Henry Fosbrooke, aliyefika nchini mwaka 1931 kama ofisa wa utawala, alichapisha mwaka 1948 utafiti juu ya mfumo wa jamii ya Kimaasai, akaja kuwa mhifadhi wa Ngorongoro, na baada ya kustaafu akaishi karibu na Ziwa Duluti, jirani kabisa na vyuo vya Tengeru.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Philip Gulliver. Aliajiriwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1952, na kati ya 1956 na 1958 alifanya utafiti wake miongoni mwa Waarusha. Ardhi ya mlimani ilikuwa imejaa, mashamba ya walowezi yamewazunguka wenyeji kwa chini, msitu wa serikali umewafunga kwa juu. Kesi za mipaka, mahari na ng'ombe wa mkopo zilikuwa haziishi. Gulliver aliketi kwenye mabaraza, akaandika nani kasema nini, nani kamuunga mkono nani, na mwisho wake walikubaliana nini.

Alichokiona kingemshangaza mtu aliyezoea mahakama za Kiingereza. Barazani hapakuwa na hakimu. Mwenye madai alikuja na watu wake wa rika au wa ukoo, mdaiwa akaja na wake, kila upande ukiwa na msemaji hodari. Walianza kwa madai makubwa kupita kiasi, wakatoa maneno makali, halafu taratibu wakaanza kusogeleana. Aliyedai mbuzi watano akashuka hadi watatu, aliyekataa kabisa akakubali mmoja, na mwisho wakapata kiasi ambacho pande zote mbili zingeweza kuondoka nacho bila aibu. Mara nyingi sehemu ya makubaliano ililipwa hapohapo, ili kesho asizuke wa kugeuka. Mahakama ya serikali ilikuwepo, na Waarusha waliitumia, lakini hasa pale mazungumzo yalipokwama au mmoja alipotaka kumbana mwenzake.

Mwaka 1963 Gulliver alitoa kitabu chake juu ya Waarusha. Baadaye alifundisha London, kisha Toronto, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kingine kinacholinganisha namna watu wanavyojadiliana wanapogombana, ambamo mabaraza ya Waarusha yamewekwa pamoja na mivutano ya viwandani ya Marekani. Kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi wa sheria na usuluhishi katika nchi nyingi. Wazee wa Ilboru na Oldonyosambu, wakibishana juu ya mpaka wa shamba chini ya mti, waliwapa wasomi wa dunia somo la kujadiliana. Inauma kwamba kijana wa Kiarusha anaweza kumaliza sekondari bila kusikia habari hiyo hata mara moja.

Wameru, kwa upande wao, hawakusubiri mtu aje awaandike. Baada ya vita ya pili ya dunia tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya, na ndani ya mpango huo Wameru wa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, waondolewe kuwapisha walowezi wafugaji. Novemba 1951 polisi na vibarua waliingia. Takriban watu 3,000 walihamishwa, nyumba zao zikachomwa, mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori, nyanda ambazo wenyewe walijua kuwa ni za homa na ukame.

Chama cha raia wa Meru kilikusanya michango, kikamtafuta wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, na mwaka 1952 kikamtuma mjumbe wake, Kirilo Japhet, New York. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika kwenye Baraza Kuu, lakini jina la Engare Nanyuki likawa limesikika Tanganyika nzima, na Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia. Baada ya uhuru Wameru waliirudia ardhi ile.

Historia za siasa huishia kwenye hotuba ya New York. Kwa anayesomea jamii, kazi iliyotangulia hotuba ina uzito sawa. Mtu hawezi kwenda mbele ya mataifa na kusema ardhi ni yetu bila kueleza nani aliishi wapi, tangu lini, kwa mamlaka ya ukoo gani, alipanda nini, alichungia wapi, na alipohamishwa alipoteza nini. Mambo hayo ilibidi yaulizwe, yaandikwe na kupangwa. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Seaton walichapisha Nairobi kitabu juu ya kesi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Paul Puritt alikuwa ameshaandika tasnifu yake juu ya Wameru, na mwaka 1977 yeye na mwanaanthropolojia Sally Falk Moore wakatoa kitabu kimoja juu ya Wachagga na Wameru. Mwaka 1997 mwanahistoria Thomas Spear akafuatia na chake juu ya wakulima wa Arusha na Meru. Hivyo ni vitabu vizuri. Lakini kitabu cha Kirilo kilitangulia, na kiliandikwa na mtu aliyekuwa upande wa waliochomewa nyumba.

Waafrika wengine wa enzi ya ukoloni waliichukua elimu hii kwa njia za mzunguko, na safari zao zinamhusu moja kwa moja mwanafunzi anayepanga kuhama kutoka chuo kwenda chuo kikuu. Jomo Kenyatta hakuwa na shahada ya kwanza. Alipita chuo cha Woodbrooke huko Birmingham, chuo cha Waquaker kilichopokea watu wazima wa kila namna, akapita Moscow, kisha akaketi kwenye semina za mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski London na kusomea diploma ya anthropolojia. Kazi yake juu ya Wakikuyu ikatoka kama kitabu mwaka 1938. Okot p'Bitek wa Uganda alikwenda Uingereza na timu ya mpira mwaka 1956, akabaki, akasomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na ndipo akafika Oxford kusomea anthropolojia, ambako alichukizwa na namna walimu walivyowataja watu wake. Mwaka 1970 alichapisha hoja zake dhidi ya wasomi wa Magharibi walioandika dini za Waafrika. Jirani kabisa na Meru, Petro Itosi Marealle wa Marangu aliandika maisha ya Wachagga kwa Kiswahili, kitabu kikatoka mwaka 1947, wakati chuo kikuu cha karibu hakikuwepo hata cha kuombea nafasi.

Naye Julius Nyerere alisoma diploma ya ualimu Makerere, chuo ambacho wakati huo hakikutoa shahada. Alifundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh alikorudi na shahada mwaka 1952. Miongoni mwa masomo yake huko ilikuwemo anthropolojia ya jamii. Wanaoeleza Ujamaa kama wazo lililotoka vitabuni mwa Wafabiani, wajamaa wa Uingereza, husahau somo hilo. Mtu aliyesimama Arusha Februari 1967 kutangaza Azimio alikuwa ameshajifunza darasani kwamba namna ukoo unavyogawana kazi na chakula ni jambo la kuchunguzwa kwa makini kama bajeti ya serikali.

Pamoja na hayo, nchi huru haikuipokea anthropolojia kwa mikono miwili. Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimu na wanafunzi wake wa miaka ile waliiona anthropolojia kuwa elimu ya mkoloni, ya kuwagawa watu kwa makabila wakati taifa linajengwa. Sosholojia ikapewa nafasi badala yake. Uamuzi huo ulieleweka, ukikumbuka mafuvu na machifu wa kubandikwa. Ulikuwa na hasara yake pia: kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka kuandika kwa kina juu ya jando la Waarusha au mirathi ya Wameru alilazimika kujificha chini ya jina la somo jingine. Siku hizi idara ya Mlimani ina majina yote mawili, sosholojia na anthropolojia. Mgeni anayetaka kuja kutafiti hupaswa kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, jambo ambalo Merker asingeliota.

Kuhusu njia ya kuingia chuo kikuu, Tanzania ilifanya jaribio kubwa ambalo vijana wa leo hawalijui. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka 2, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Mwanafunzi wa jamii alitakiwa awe ameishi na kufanya kazi katika jamii kabla ya kuisomea. Sharti liliwaumiza wengi. Wengine waliozoea mshahara hawakurudi tena shuleni, na wasichana waliathirika zaidi. Katika miaka iliyofuata lililegezwa hadi likaachwa. Hata hivyo wazo lililokuwa ndani yake, kwamba uzoefu wa kazi uhesabiwe wakati wa udahili, lilikuwa sahihi, na lilizikwa pamoja na kasoro za utekelezaji.

Mwaka mmoja baada ya Musoma, 1975, serikali kwa msaada wa Sweden ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi. Nyerere alikuwa ameona Sweden vyuo vya aina hiyo, ambako watu wazima walisoma bila kukimbizwa na mitihani. Chuo cha Tengeru kilitangulia kwa zaidi ya mwongo: kilianza mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, nchi ilipohitaji watu wa kufanya kazi na wananchi kwenye vijiji vyao. Kikapanda ngazi hadi kuwa taasisi inayotoa astashahada, stashahada na shahada.

Aliyepita Tengeru anajua neno fildi. Mwanafunzi hupangiwa kijiji au kata, akakaa huko wiki nyingi chini ya ofisa maendeleo ya jamii. Huitisha mikutano, huchora ramani ya kijiji na wanakijiji wenyewe wakitumia vijiti na mawe, huorodhesha fursa na vikwazo, huuliza kwa nini kikundi cha akina mama kilivunjika au kwa nini mfereji haulindwi. Jioni huandika ripoti. Kwa jina hii ni kazi ya maendeleo. Kwa vitendo ni mbinu zilezile alizotumia Gulliver: kukaa, kusikiliza, kuuliza tena, kuandika, kulinganisha. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa Tengeru anatakiwa pia ashiriki kutatua jambo, na kwa hiyo wanakijiji wana haki ya kumdai.

Kwa nini basi njia ya kutoka hapo hadi Mlimani iwe ngumu? Tangu Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi lilipoundwa mwaka 1997, ambalo sasa ni NACTVET, vyuo vya aina ya Tengeru vimepangwa kwa ngazi. Aliyefaulu masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini, anaingia ngazi ya nne, ambayo ni astashahada ya awali. Akifikia ya sita ana stashahada. Hapo njia inagawanyika. Anaweza kubaki chuoni hapo na kupanda ngazi ya saba na ya nane hadi shahada. Au anaweza kuomba chuo kikuu kwa sifa linganifu, akishindana na waliotoka kidato cha sita na ufaulu wa masomo mawili ya msingi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005, inamtaka awe na wastani wa alama usiopungua 3.0 kwenye stashahada, na vyuo vingine hudai zaidi ya hapo. Kijana aliyelegea muhula wa kwanza wa stashahada, akidhani mambo yatanyooka mbele, hugundua kwamba wastani haupandi kirahisi. Ni heri aujue mpaka huo siku anayosajiliwa.

Jambo linalosikitisha ni lingine. Stashahada humfungulia mlango wa mwaka wa kwanza. Miezi ya fildi, ripoti alizoandika, masomo ya mbinu za utafiti aliyofaulu, kwa kawaida havihesabiwi, naye huanza upya pamoja na mtu ambaye hajawahi kuhoji mtu yeyote. Marekani walilishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1901, mji wa Joliet karibu na Chicago ulifungua chuo cha jamii kikiwa na wanafunzi 6, ili vijana wasome miaka miwili ya mwanzo wakiwa nyumbani, kisha wahamie chuo kikuu na miaka hiyo ihesabiwe. Leo mamia ya vyuo vya aina hiyo hufundisha utangulizi wa anthropolojia, na mwanafunzi hukaa na mshauri muhula wa kwanza kupanga ni somo gani litapokelewa na chuo kipi. Mpango huo una dosari zake, kwa kuwa chuo kikuu kinaweza kukataa somo hili au lile. Lakini msingi wake ni wa haki: kilichosomwa kimesomwa.

Tanzania si kwamba haina njia kabisa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi mwaka 1994, kina kituo Arusha na programu ya awali kwa wale ambao vyeti vyao havitoshi. Utaratibu wa kutambua maarifa ya awali umewapa watu wazima nafasi ya kupimwa kwa wanachokijua. Taratibu za TCU huruhusu pia kuhamisha masomo kati ya vyuo vikuu. Kinachokosekana ni daraja la namna hiyo kati ya chuo cha Tengeru na idara ya Mlimani, mapatano ya maandishi yanayosema ripoti ya fildi ya wiki kadhaa ina thamani gani.

Kuna kundi jingine ambalo mapatano hayo yangelifaa. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi la SNV lilisaidia vijiji vya mkoa wa Arusha kuanzisha utalii wa utamaduni. Ng'iresi, Ilkiding'a, Mulala, Mkuru, Longido na Mto wa Mbu vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Waongozaji wake ni vijana wa palepale. Kila siku wanaeleza marika, mahari, mitishamba na historia ya uhamaji mbele ya wageni wanaouliza maswali magumu, na waliobobea wanajua kutofautisha anachosema babu wa ukoo huu na anachosema wa ukoo ule. Chuo Kikuu cha Iringa, kilichotokana na Tumaini, kilianzisha shahada inayounganisha anthropolojia ya utamaduni na utalii. Ajabu ni kwamba shahada hiyo ilizaliwa Iringa, wakati soko lake kubwa liko Arusha.

Mwanafunzi wa Tengeru anayetaka kwenda Mlimani na wazo lake la utafiti tayari mkononi, hana haja ya kulitafuta mbali. Sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002 iliyapa mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro midogo ya ardhi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, baraza likaondolewa uamuzi na kubakiziwa usuluhishi, likipewa siku 30 kuwapatanisha wagombanao kabla jambo halijaenda baraza la wilaya. Yaani Bunge, likiwa Dodoma, limeirudisha kata ya Oltrumet kwenye kazi ambayo wazee wa Kiarusha walikuwa wakiifanya mbele ya macho ya Gulliver mwaka 1956: kupatanisha bila kuhukumu. Lakini wajumbe wa baraza la leo huteuliwa kwa sheria, hawatoki kwenye rika la mdai wala ukoo wa mdaiwa, na shamba linalogombewa huenda limeshapimwa viwanja vya kuuzia watu wa mjini. Je, wanapatana? Nani anamsemea mjane? Kiasi cha makubaliano kinapatikanaje wakati ekari moja imekuwa na bei ya nyumba? Kesi za miaka ya 1950 zimo kitabuni, zinasubiri kulinganishwa. Ofisi ya kata hupokea wanafunzi wa fildi, na baraza huketi hapo hapo.